Wazee watatu wanarudi Lukaya: nani alikimbia?

Swali la msomaji wa Bukoba, kwa kifupi: amemaliza skripti ya kurasa 118. Wazee watatu waliopigana Vita vya Kagera wanakodi gari kutoka Bukoba kwenda Lukaya, Uganda, kutafuta mahali alipofia mwenzao mwaka 1979. Ndani ya skripti kuna fleshibaki 14 (vipande vya kumbukumbu) za mapigano, kila moja kurasa 2 hivi. Ana kamera, ana waigizaji wazee waliokubali, na fedha zake zinatosha siku 24 za kushuti. Anauliza mambo matatu. Je, atafute vijana wa kuigiza ujana wa wazee hao? Silaha atapata wapi? Na kwa nini kila anayesoma skripti anasema katikati inachosha?

Ndugu, nianze na swali la tatu, maana mengine mawili yamejificha humo.

Skripti inachosha kwa sababu hizo fleshibaki 14 zinasema ukweli. Mzee Hamisi anasema "tulikaa kwenye handaki", fleshibaki inaonyesha handaki. Mzee Chacha anasema "kombora likatua", kombora linatua. Kamera imekuwa shahidi wa kila anayefungua mdomo, na wazee hawana tena la kubishania. Mtazamaji naye hana kazi. Anakaa akisubiri gari lifike.

Sasa angalia ulichonacho mkononi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya JWTZ ilikuwa Lukaya, mbele kidogo ya Masaka ukielekea Kampala. Wengi katika brigedi hiyo walikuwa wanamgambo, watu waliotoka shambani, dukani na ofisini miezi michache tu kabla. Jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya likaja kwa barabara na kuwafyatulia maroketi ya Katyusha. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini ngurumo ile hawakuwa wameizoea. Wengi walivunja safu wakakimbia, waliobaki wakajitosa kwenye bwawa la mafunjo kando ya barabara ya Masaka. Alfajiri ya tarehe 11 Brigedi ya 208 ikamjia adui kutoka kaskazini-magharibi, 201 ikajipanga upya ikarudi, na kufikia mwisho wa siku Lukaya ilikuwa mikononi mwa Watanzania. Mwezi mmoja baadaye, 10 na 11 Aprili, waliingia Kampala.

Filamu yako imo katika usiku huo mmoja. Watu watatu walikuwa kwenye mafunjo yale. Mmoja alikimbia mapema, mmoja alikimbia baadaye, mmoja anasema hakukimbia. Wa nne hakurudi. Kwa miaka zaidi ya 40 wamekunywa kahawa pamoja bila kuulizana. Swali la "alifia wapi" ni la juu juu, ni sababu ya safari tu. Swali lenyewe ni "nani alimwacha", na hilo kamera isilijibu.

Kuna tundu pia katika kisa chako ambalo Mhaya yeyote atakutajia kabla ya dakika ya kumi: mbona huyo marehemu hayuko Kaboya? Makaburi ya mashujaa wa vita hivyo yako Kaboya, Muleba, na watu wa Kagera wanayajua. Usilikwepe, lianzie. Sini ya kwanza iwe Kaboya: wazee wanapita mstari kwa mstari, wanasoma majina, jina halipo. Hapo safari imepata sababu bila hotuba hata moja. Na kwa kuwa Kaboya iko kusini mwa Bukoba na Uganda iko kaskazini, tayari wameenda upande usio sahihi kwanza, kama wazee wanavyofanya wanapoogopa kwenda kule wanakotakiwa kwenda.

(Kuhusu hotuba: toa ile ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978 iliyo kwenye ukurasa wako wa kwanza. Kila kazi ya Vita vya Kagera inafungua na "uwezo wa kumpiga tunao". Isitoshe, sauti ile ya redio ina mwenyewe, na utahitaji kibali cha kuitumia.)

Tupige hesabu ya siku. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Mazungumzo ya watu watatu ndani ya gari au mezani, kurasa 5 kwa siku zinawezekana. Mapigano, hata ya watu wanane tu, hayazidi ukurasa mmoja na robo kwa siku, kwa sababu kila mlipuko na kila anguko linapangwa, linafanyiwa mazoezi, na likiharibika nguo zinakaushwa upya. Fleshibaki zako ni kurasa 28, yaani siku 22. Kurasa 90 zilizobaki ni siku 18. Jumla 40, na fedha zako ni za 24. Utakachofanya ukiishiwa ni kile wanachofanya wengi: kushuti vita vyote siku ya mwisho kwa haraka, watu sita wakikimbia kutoka kushoto kwenda kulia kisha wakirudi.

Punguza fleshibaki zibaki tatu, zote za usiku uleule na mahali palepale, kurasa 2 kila moja. Ya kwanza anavyokumbuka Hamisi, ya pili anavyokumbuka Chacha, ya tatu anavyokumbuka Rweyemamu. Hizo ni siku 5. Sini za sasa zipunguze zifike kurasa 80, siku 16. Jumla 21, na unabaki na siku 3 za mvua. Kuzunguka Ziwa Victoria usiache kuwa na siku za mvua.

Hapo tunafika kwenye vijana. Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutafuta vijana wanaofanana na wazee. Tatizo si sura, ni kwamba vijana watatu wenye kombati moja na matope usoni, usiku, hawatofautiki. Ukiichagua njia hii, tofautisha vivuli vyao: mmoja mrefu sana, mmoja amebeba redio mgongoni, mmoja anashika bunduki kwa mkono wa kushoto, na yule mzee wake naye ashike kikombe kwa mkono wa kushoto tangu sini ya kwanza. Njia ya pili ni kuwaingiza wazee wenyewe kwenye kumbukumbu, na uzee wao hivyohivyo. Spike Lee alifanya hivyo mwaka 2020 katika Da 5 Bloods, kisa cha wapiganaji Wamarekani weusi wanaorudi Vietnam. Waigizaji wakongwe wamo kwenye mapigano ya ujana wao bila kufutwa makunyanzi, aliyekufa peke yake ndiye kijana, na picha za zamani zimepigwa kwa filamu ya milimita 16 katika fremu nyembamba. Macho yanazoea ndani ya dakika mbili, kwa sababu ndivyo mtu anavyokumbuka: anajiona alivyo leo, ila marehemu hazeeki.

Ya tatu ni sauti peke yake: uso wa mzee leo, sauti ya usiku ule.

Kwa fedha zako, changanya ya pili na ya tatu. Unahitaji kijana mmoja tu, yule wa nne ambaye hakurudi. Mtafute kwa makini kuliko wote.

Umri nao uukague. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 alizaliwa 1959, kwa hiyo mwaka 2026 ana 67. Mwanamgambo wa miaka 27 sasa ana 74. Chacha umemwandika kapteni, basi huenda amefika 76. Muigizaji wa miaka 48 aliyepakwa poda nywele atakuangusha pale anapoinuka kwenye kiti. Mzee wa kweli hatumii magoti kwanza, anatumia mikono.

Sasa mazungumzo. Wazee wako wanasimuliana vita kwa sentensi kamili kama wako kwenye redio. Watu waliokuwa pamoja hawasimuliani, wanarekebishana. Na tayari una silaha kubwa ambayo hujaitumia: neno "afande". Chacha leo ni maskini kuliko Hamisi, Hamisi ndiye aliyelipia gari, lakini Hamisi bado anamwita afande na kumwachia kiti cha mbele. Lihesabu neno hilo katika skripti nzima. Litumike bila mtu kuligundua hadi ukurasa wa 60 hivi. Halafu siku Hamisi atakapomwita "Chacha" mtupu, hutahitaji kofi wala machozi. Mfano wa namna ya kuliweka:

NJE. BARABARA YA LUKAYA – ASUBUHI

Gari limesimama. HAMISI anahesabu hatua kutoka ukingo wa lami. CHACHA hajashuka, mlango uko wazi. RWEYEMAMU anakula gonja.

HAMISI: Kumi na nane, kumi na tisa. Hapa. Hapa ndipo tulipochimba.
CHACHA: Hapo palikuwa maji.
HAMISI: Tulichimba, afande.
CHACHA: Ulichimba saa ngapi wewe?
(Kimya. Lori linapita.)
RWEYEMAMU: Gonja hii imepoa.

Hakuna aliyesema "ulikimbia". Kila mtu amesikia.

Lukaya yenyewe itakupa kitu ambacho hakuna fundi wa milipuko anayeweza kukutengenezea. Ni mji wa barabarani. Gari likipunguza mwendo, wauza kuku wa kuchoma na gonja wanalikimbilia, mishikaki mikononi. Weka maikrofoni chini ya mlango, karibu na lami. Mzee amesinzia kwenye kiti cha nyuma, anazinduka kwa vishindo vya miguu mingi inayokimbia, na vinakuja kwake. Kaa usoni mwake sekunde tano kabla ya kuonyesha kuku. Hiyo ni fleshibaki ya nne, na haikugharimu kitu zaidi ya kuku.

Usiku wa 10 Machi umeuandika "giza totoro". Si kweli, labda kama kulikuwa na wingu. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 13, hivyo usiku ule mwezi ulikuwa wa siku kumi na mbili hivi, juu tangu jioni, ukazama karibu saa kumi na moja alfajiri. Una mwanga wa mwezi karibu usiku kucha, kisha giza la kweli la muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya mapambazuko na shambulio la kujibu. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi: taa moja kubwa ya juu iliyopozwa, si rundo la taa za buluu. Kwa kisa pia ni zawadi. Walionana. Aliyekimbia alionekana.

Mlio nao uupangilie. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kombora likitua kilomita moja, mwanga unaonekana kwanza, kishindo kinafika sekunde 3 baadaye. Filamu nyingi hugonganisha vyote viwili, na mtu aliyepigana anatambua papo hapo. Zile sekunde tatu za kimya ndipo mwigizaji anapoigiza. Roketi za BM-21, yaani zile Katyusha, ambazo Waganda waliziita "Saba Saba", gari moja lina mirija 40 na linaimaliza kwa sekunde 20 hivi. Si "bum" moja moja, ni mlio mrefu wa kuchana, halafu vishindo vinavyofuatana. Usionyeshe gari lenyewe. Walio kwenye mafunjo hawakuliona.

Bunduki: usiweke bunduki halisi kwenye seti, hata tupu, hata ya askari rafiki yako. Chonga za mbao na kumimina za mpira. Za mbao ziwe mbili nzuri za karibu na kamera, za mpira sita za kuanguka nazo. SMG (bunduki ya aina ya AK-47) na SAR (ya nusu otomatiki, aina ya SKS) zisichanganywe. SAR ina risasi 10 na inafyatua moja moja, kwa hiyo mwanamgambo mwenye SAR hamwagi risasi. SMG ina 30, na mwendo wake ni risasi kama 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukiiachia, magazini inakwisha sekunde ya tatu. Skripti yako ina mtu anayefyatua nusu ukurasa bila kubadili magazini, huyo ana magazini kumi zisizoonekana. Miali ya mdomo wa bunduki iongezwe kwenye uhariri: ukishuti fremu 25 kwa sekunde, mwali mmoja kila fremu ya pili au ya tatu, kwa kupokezana, na kila mwali fremu moja tu. Ukiuacha fremu tatu unaonekana kama tochi.

Kibali cha Bodi ya Filamu utakipata kwa utaratibu wa kawaida, lakini kombati ni jambo jingine. Mavazi ya JWTZ hayavaliwi na raia bila ruhusa ya jeshi. Andika barua mapema, ambatanisha kurasa zinazohusika, taja idadi ya sare na siku zitakazovaliwa. Siku ya kushuti, kituo cha polisi na mtendaji wa kijiji wawe na nakala, na bunduki za mbao zisafirishwe ndani ya sanduku lililofungwa. Kijana akionekana juu ya bodaboda na SMG ya mbao mgongoni, filamu yako imeishia hapo.

Kwa sababu hiyohiyo, usivuke mpaka wa Mutukula na kombati wala silaha za bandia. Vita vyote shuti upande wa Tanzania, mafunjo ya bonde la Mto Kagera hayana tofauti na ya Lukaya. Uganda nenda siku tatu tu, watu wanane, kwa sini za leo: barabara, kuku, bwawa. Njiani pita Kyaka. Daraja la huko lililipuliwa na wanajeshi wa Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, na wazee kuvuka lile la sasa kimyakimya kunatosha.

Jambo moja usilifanye kabisa: usiwaingize wazee kwenye bwawa la kweli. Ukanda wa ziwa una kichocho, na chini ya mafunjo hakuna sakafu, mguu unaweza kuzama hadi paja. Chimba shimo la mita 4 kwa 3, kina sentimita 40. Litandike turubai, juu yake udongo, kisha maji. Hiyo ni lita 4,800, boza moja la lita 5,000 linatosha. Mafunjo yaliyokatwa yachomeke kwenye ndoo zenye mchanga kuzunguka ukingo, safu tatu, ya nyuma iwe juu zaidi. Mafunjo yaliyokatwa yananyauka ndani ya siku, hivyo yakatwe asubuhi ya kushuti, si jana yake. Jaza maji asubuhi ili jua liyapashe, na wazee waingie jioni. Kila mara wasizidi dakika 10 majini, na blanketi na chai ya tangawizi viwe hatua tano kutoka shimoni. Moshi upatikane kwa mashine au nyasi mbichi zilizowashwa mbali, upande unakotoka upepo. Matairi hapana, mapafu ya miaka 74 hayachezewi.

Siku ya kazi yao iwe saa 8, si 12. Sini za nje anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama saa nne. Karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini, kofia inafuta macho yote. Rudi saa kumi jioni, na ujue mwanga mzuri wa machweo huku hauzidi nusu saa.

Umesema utawahoji wapiganaji wa kweli kabla ya kuandika upya. Vizuri, ila acha yale maswali uliyoniambatanishia. "Uliua wangapi" itakupa uongo au kimya. Uliza alivaa viatu gani na vilimbana wapi, nani alibeba sufuria, chumvi ilitoka wapi, walikuwa wakiimba nini. Mpe kijiti achore ardhini handaki lilivyokuwa, picha ile ipige. Wahoji mmoja mmoja kwanza, kisha wakutanishe, na hapo kaa kimya: wanapoanza kusahihishana ndipo skripti inapojiandika. Saa moja na nusu inatosha kwa siku. Ndugu wa mzee awe karibu, na mzee akianza kutetemeka au kunyamaza ghafla, zima kinasa sauti, uliza habari za wajukuu, usimrudishe siku hiyo. Na wasialikwe kuangalia siku ya milio.

Mwisho, kuna mtu unayemkosa kabisa. Wazee wako wanafika Lukaya na hakuna mwenyeji anayefungua mdomo isipokuwa kuuza. Palikuwa na watu pale usiku ule. Weka bibi mmoja wa Lukaya, miaka 70 na kitu, anayezungumza Kiganda, na mjukuu wake anayefasiri vibaya kidogo. Wazee watategemea awaite Bakombozi, wakombozi, kama Waganda wengi walivyowaita. Na awaite hivyo. Halafu aeleze alichoona mlangoni kwake: kijana mwenye kombati, bila viatu, alitoka kwenye mafunjo mwezi ukiwa juu bado, akaomba maji, akanywa, akarudi kulekule alikotoka. Mjukuu afasiri kuwa "walikuwa wawili". Bibi amkatize, mjukuu ajirekebishe, na wazee watatu wasijue washike lipi. Sini hiyo iwe kurasa nne, bila fleshibaki, na usiwe na muziki chini yake.